Ritifaa ya Mzee wa Mazinde

Kuna jina moja la mwandishi ambalo sijawahi kuliandika kwenye kompyuta likatoka sawa mara ya kwanza. Ni jina la Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, yule aliyetuandikia Habari za Wakilindi. Litazame vizuri. Linaanza ritifaa, inafuata l ndogo, kisha A kubwa, ndipo yanakuja mengine. Kompyuta haiupendi kabisa mpangilio huo. Inaona ritifaa imetanguliwa na nafasi, inajisemea, ahaa, huyu anafungua usemi, basi inaigeuza iwe alama ya kufungulia usemi. Ikimaliza hapo inaona l ndogo mwanzoni mwa jina la mtu, inaikuza. Nikirudi kurekebisha, nayo inarudia. Tumebishana hivyo miaka mingi, na katika ubishi huo nimejifunza mambo ambayo sikuyatarajia, mengine kwa aibu.

Nianze na mwenye jina. Abdallah bin Hemedi alikuwa mtu wa karne ya 19, na sehemu ya maisha yake aliipitisha kwa Semboja wa Mazinde. Mazinde ipo hadi leo katika wilaya ya Korogwe. Ukitoka Korogwe mjini kama unaenda Same, milima ya Usambara ikiwa mkono wako wa kulia, unapita Mombo, mbele kidogo unaikuta. Abiria wengi wanaipita wamelala. Semboja alikuwa mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Vugha, lakini yeye hakung'ang'ania mlimani. Aliteremka tambarare, penye njia ya misafara, akajenga nguvu zake huko. Watawala wa aina yake walihitaji watu wanaojua kusoma na kuandika, na Abdallah alikuwa mmoja wao. Alisikiliza, akaweka moyoni, baadaye akaandika. Kitabu chake kilichapwa na wamisionari wa UMCA huko Magila, sehemu baada ya sehemu, kuanzia miaka ya 1890. Mwaka 1962 East African Literature Bureau walikitoa tena, na mwaka 1963 ikafuata tafsiri ya Kiingereza, The Kilindi, ambayo J.W.T. Allen alishiriki kuifanya. Ni katika matoleo hayo jina la mzee lilipotulia kwenye umbo hilo linalonisumbua: 'lAjjemy.

Ritifaa ile si pambo. Jina lenyewe ni la Kiarabu, al-Ajami, yaani mtu wa Ajemi, au kama tunavyosema siku hizi, Mwajemi. Linapofuata jina jingine, ile a ya "al" humezwa katika kutamka, ikabaki l peke yake. Ritifaa imewekwa hapo kuonyesha kwamba kuna kitu kilikuwepo na kimeondoka. Ni kama kigingi kilichobaki baada ya mbuzi kufunguliwa. Sasa kompyuta inapoigeuza kuwa alama ya kufungulia usemi, mambo yanaharibika kuliko unavyodhani, kwa sababu wataalamu wanaohamisha Kiarabu kwenda herufi za Kilatini huitumia alama iliyopinda hivyo kwa herufi ya aini. Na jina hili kweli lina aini! Ila aini yake iko baada ya l, kabla ya A. Kwa hiyo msomaji anayejua mambo hayo ataona aini imesimama mahali isipostahili, atadhani ama Allen ama mimi hatujui Kiarabu. Mimi ni kweli sikijui, lakini kosa hili si langu.

Wanaokipenda kitabu hiki wanajua kinavyoanza. Kinaanza na Mbega, mwindaji wa Ngulu. Vilima vya Ngulu leo viko wilaya ya Kilindi, ambayo hadi mwaka 2002 ilikuwa sehemu ya Handeni. Mbega alizaliwa kigego, maana meno yake ya juu yalitangulia kuota, na mtoto wa namna hiyo mila ilitaka auawe. Wazazi wake hawakukubali. Akakua, akawa mwindaji hodari wa nguruwe. Shida ilikuja wazazi walipokufa na urithi ukafika wakati wa kugawanywa. Ndugu wakakaa kikao, wakasema huyu ni kigego, huyu hahesabiwi. Hakupewa kitu. Akaondoka na mbwa wake, akafika Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa huko, mtoto akauawa na nguruwe katika mawindo, Mbega akakimbia tena, mpaka akapandishwa milima ya Usambara na kufanywa mfalme Vugha. Ufalme mzima, na mgogoro mzima wa karne ya 19 uliokuja kuupasua, umeanza na mtu mmoja kutolewa kwenye hesabu ya ukoo. Naomba ulishike hilo, nitalirudia.

Kwanza turudi kwenye ritifaa, kwa sababu Mswahili anaijua kwa kazi nyingine kabisa. Shuleni tulifundishwa kwamba ritifaa ni alama ya king'ong'o. Neno king'ong'o lenyewe limebeba mbili, kama mtu aliyevaa saa mikono yote. Lakini hebu jiulize: ritifaa ya ng'ombe inatamkwaje? Haitamkwi. Haina sauti yake. Kazi yake ni kumwambia msomaji habari ya herufi zilizotangulia: hiyo g usiisome kama g, usiitoe kama ya "ngoma", ipitishe puani. Ni mlinzi aliyesimama mlangoni. Mlinzi si mwenye nyumba wala si mgeni, yupo tu kuzuia mtu asiingie vibaya.

Kabla ya herufi za Kilatini mlinzi huyu hakuwepo. Kiswahili cha herufi za Kiarabu mara nyingi kiliandika g, ng na ng' kwa herufi moja, ghaini, na msomaji akajijua mwenyewe. Hakikuwa kilema kikubwa kama tunavyodhani leo, maana aliyesoma barua kwa kawaida aliijua lugha na aliyajua mazungumzo yenyewe. Akiona habari za maziwa na zizi, hatasoma ngoma. Shida inaanza pale msomaji anapokuwa mgeni. Na wamisionari walikuwa wageni. Edward Steere, aliyetoa kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alihitaji namna ya kumwonyesha Mwingereza mwenzake kwamba hapa kuna sauti ya puani hata kama iko mwanzoni mwa neno, mahali ambapo Kiingereza hakiiweki kamwe. Akatumia ng'. Wenzake wa UMCA waliokwenda bara na mtindo wao wa kuandika waliingia Bondei, Usambara na kwa Wazigua. Walter Kisbey, mmoja wao, alitoa kamusi ya Kizigua kwa Kiingereza mwaka 1906, na alikuta sauti zilizomtaka afikirie upya, kama ile pumzi ya puani inayofanya majina ya huku kwetu yaandikwe Mhina na Mhando, si Mina na Mando.

Kulikuwa na njia nyingine. Miaka ya 1920 Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, iliyokuwa London, ilipendekeza herufi mpya kwa lugha za Afrika, na kwa king'ong'o ikapendekeza ŋ, n yenye mkia. Waganda waliichukua, na hadi leo ipo katika Kiganda sanifu. Kiswahili hakikuichukua. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilibaki na ritifaa, na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ikaipigia msumari. Ukiniuliza mimi, ulikuwa uamuzi wa watu wanaojua taipureta zao. ŋ inahitaji mashine maalumu; ritifaa kila mashine inayo. Waganda wenyewe wakiwa kwenye simu, wengi wanaandika ng' kama sisi.

Ila kila kitu kina gharama yake. Kwa kuchagua alama ambayo tayari ina kazi nyingine, tulikubali kwamba siku moja kazi hizo zitagongana. Na mlinzi asiye na sauti ni rahisi kufukuzwa. Hapohapo Korogwe kuna kata ya Ngombezi, yenye mashamba ya mkonge. Mgeni akiliona jina hilo kwenye kibao bila ritifaa, hawezi kujua kwa kutazama tu kama haikuwepo tangu mwanzo au iliangukia njiani kwa karani fulani mwenye haraka. Maandishi hayamwambii. Itabidi ashuke kwenye basi aulize.

Mgongano wenyewe ulikuja na kompyuta. Taipureta ilikuwa imeshaanza uharibifu: ili kupunguza vitufe, ilizichanganya alama ya kufungua usemi, ya kufunga usemi na ritifaa zikawa kijiti kimoja kilichosimama wima. Orodha ya herufi za kompyuta ya Marekani ya mwaka 1963, ile ASCII, ilikirithi kijiti hicho, kikapewa namba 39. Kutoka hapo hadi leo, namba 39 ni ritifaa ya ng'ombe, ni ritifaa ya 'lAjjemy, ni fungua usemi, ni funga usemi, ni dakika na ni futi. Mtu mmoja vyeo sita.

Miongoni mwa waliotengeneza mambo hayo alikuwepo Mmarekani Bob Bemer, ambaye aliliona tatizo hili mapema. Ikiwa alama moja ina kazi mbili, mashine itajuaje unataka ipi? Wazo lake lilikuwa kuweka alama ya tahadhari: kinachofuata baada yangu usikisome kama kawaida. Mkwaju unaolalia nyuma, huu \, uliingia kwenye orodha ile kwa juhudi zake, na kwa watu wa programu ndio uliokuja kuwa mlinzi mkuu. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Mkwaju ule ni ritifaa ya ng'! Kazi ni ileile: hauna sauti, upo kumwambia msomaji asisome jirani yake kwa mazoea. Tofauti ni kwamba msomaji wa Steere alikuwa mtu na msomaji wa Bemer alikuwa mashine.

Sasa nieleze ninavyoandika, maana bila hilo kisa changu hakitaeleweka. Mimi huandika kwa maandishi matupu. Faili halina rangi wala ukubwa wa herufi, ni herufi tu, na mapambo yanaonyeshwa kwa alama za kawaida. Neno likizungukwa na vinyota huwa zito, likizungukwa na mistari ya chini huwa la mlazo. Kisha programu inasoma faili na kutoa ukurasa mzuri. Mifumo ya hivi ni mingi: Org ya Carsten Dominik ilianza mwaka 2003, Markdown ya John Gruber mwaka 2004, na tangu 2016 hata WhatsApp inakubali vinyota. Wikipedia yenyewe, pamoja na ya Kiswahili, hutumia ritifaa: mbili mbili kwa mlazo, tatu tatu kwa uzito. Jaribu kule kuandika herufi ng' kwa mlazo. Ritifaa yake inaungana na mbili za kufunga, zinakuwa tatu. Ukifanya hivyo mara moja katika mstari, mashine hukisia ulichokusudia na hupatia. Ukifanya mara mbili katika mstari huohuo, hesabu inakuwa shufwa, mashine inaamini ulijua unachofanya, na mstari mzima unavurugika. Waliobuni alama hizo hawakukosa adabu. Hawakujua tu kwamba kuna lugha ambayo ritifaa ni sehemu ya herufi.

Kisa changu sasa. Mjomba wangu wa Handeni alikuwa na daftari la ukoo. Majina, nani alimzaa nani, nani yuko wapi, nani alipewa kipande gani katika shamba la babu. Waliofariki aliwawekea kinyota ndani ya mabano mbele ya jina, hivi: (*). Macho yalipoanza kumsumbua aliniita. "Mjomba," akaniambia, maana sisi huitana hivyo wote wawili, "hebu liingize hili kwenye mashine yako kabla mchwa hawajalisoma." Nikakaa naye siku tatu. Nilinakili kila kitu kama kilivyo, pamoja na vinyota vyake, nikakigeuza kuwa ukurasa, nikautuma kwa jamaa wote.

Jioni hiyohiyo mama mdogo wa Korogwe akanipigia simu. Hakusalimia vizuri. "Mwanangu, baba yako mkubwa umemfufua lini?"

Nikafungua ukurasa. Kha! Kumbe programu ilipoona vinyota viwili katika mstari mmoja ilidhani nataka uzito. Ikavila vyote viwili, na kila kilichokuwa katikati ikakifanya maandishi mazito. Mabano yakabaki matupu, yamekodoa macho. Mistari yenye marehemu mmoja ilisalimika. Yenye wawili, wote walirudi duniani. Kwa mjini ungecheka. Kwa mama mdogo, ambaye mmoja wa waliofufuka alikuwa kaka yake aliyemuuguza mwenyewe, hakikuwa kichekesho. Niliomba radhi, nikaahidi kulimaliza usiku huohuo.

Na nililimaliza, kwa ujanja niliojivunia. Ningeweza kuweka mkwaju wa Bemer mbele ya kila kinyota, lakini sikuupenda, kwa sababu jamaa wengine niliwatumia faili lenyewe, na mikwaju ingewachanganya. Nikakumbuka kwamba kuna herufi zisizoonekana. Ndiyo, zipo. Katika Unicode, orodha kubwa ya herufi za dunia iliyoanza kuchapishwa mwaka 1991, kuna nafasi isiyo na upana. Ni herufi kamili, ina namba yake kama a au b, ila haichukui hata unywele wa nafasi. Ukiiweka baina ya bano na kinyota, programu haioni tena kinyota kimeshikana na kitu inachokitarajia, inakiacha. Msomaji haoni kitu. Wala sikuibuni mimi. Mwongozo wa Org wenyewe unashauri njia hiyo. Nikaingiza nafasi hizo kwa mkupuo mmoja, faili zima, mbele ya kila kinyota. Na kwa kuwa ritifaa nazo zilikuwa zinapindishwa ovyo, nikaziingiza pia mbele ya kila ritifaa. Ukurasa ukatoka safi kama sahani ya sikukuu. Marehemu wakarudi kupumzika. Mama mdogo akaniombea dua.

Hapa nichepuke kidogo. Herufi hizi zisizoonekana hazikuwekwa kwa ajili ya wajanja kama mimi. Mojawapo, ile inayozuia herufi mbili zisishikane, inahitajika sana na Waajemi. Kiajemi huandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hushikana mkono zikiwa jirani. Lakini kuna maneno ambayo Mwajemi anataka sehemu zake zikae pamoja bila kushikana, kama kiambishi mi- mwanzoni mwa kitenzi. Ukiweka nafasi ya kawaida neno linakatika mara mbili. Usipoweka kitu, herufi zinaungana. Basi kikawekwa kitu kisichoonekana kati yao. Fikiria: dawa ya kukinga jina la mzee wetu, ambaye jina lake lina maana ya Mwajemi, inatoka kwenye ukoo wa herufi unaowafaa pia Waajemi. Sijengi hoja juu ya hilo. Nimelipenda tu.

Nirudi. Mjomba alifariki mwaka uliofuata. Nilimwekea kinyota mwenyewe. Baada ya arobaini ukoo ukaanza kuzungumzia shamba, na wazee wakasema wataoitwa kwenye kikao ni wale ambao mababu zao wamo katika daftari la marehemu. Daftari, kwa wakati huo, maana yake ni faili langu.

Nina binamu yangu Dar es Salaam. Jina la babu yake lina king'ong'o katikati. Silitaji kwa sababu wenye jina hilo wapo hai. Alipoambiwa habari ya kikao alifungua faili kwenye simu, akaenda sehemu ya kutafuta, akaandika jina la babu yake kwa makini, ritifaa na kila kitu. Simu ikamjibu: hakuna. Akaandika tena. Hakuna. Simu haikudanganya. Yeye alitafuta n, g, ritifaa. Kwenye faili kulikuwa na n, g, kitu kisichoonekana, ritifaa. Kwa jicho la mtu ni jina lilelile. Kwa mashine ni majina mawili tofauti, kama Mhina na Mina.

Hakunipigia. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alinyamaza miezi miwili, akaamini kwamba upande wao umeondolewa, na kwamba aliyeuondoa ni mimi, maana ndiye niliyeandika. Nilikuja kulijua msibani Korogwe, alipokataa kukaa nami mkeka mmoja. Mama mdogo akatuita pembeni. Binamu akatoa simu, akanionyesha. Nikamwonyesha jina la babu yake likiwa palepale, ukurasa wa pili. Akalitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Kaka, lipo, lakini halipatikani. Sasa hilo lina faida gani?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikalipitia faili upya, nikakuta na mengine. Nafasi isiyo na upana inaruhusu mstari kukatika pale ilipo, kwa hiyo kwenye simu ndogo baadhi ya majina yalikuwa yamekatwa katikati ya king'ong'o, ng ikabaki juu, ritifaa ikaangukia mstari wa chini kama kiatu kilichovuka mguuni. Nilipopanga majina kwa alfabeti, yenye kitu kisichoonekana yalijitenga na wenzao. Yote haya yalikuwepo siku zote mbele ya macho yangu, na macho hayakuwa na habari.

Nikamkumbuka Mbega. Wale ndugu wa Ngulu walikaa kikao wakamtoa mtu kwenye hesabu kwa makusudi, wakiwa na sababu yao mbaya, na kila mmoja alijua kilichofanyika. Mbega mwenyewe alijua, ndiyo maana alichukua mbwa wake akaondoka. Mimi nilimtoa mtu bila kikao, bila chuki na bila hata kujua, kwa kitu ambacho hakuna aliyeweza kukiona ili akipinge. Sijui lipi ni jepesi zaidi. Najua tu kwamba la Mbega lilikuwa na wa kulaumiwa aliye wazi, na mtu akijua wa kumlaumu anaweza angalau kugomba naye.

Ndipo nilipoanza kuiheshimu ritifaa ya Steere kwa namna mpya. Zamani niliiona kama uchafu wa kikoloni, kijiti kilichochomekwa kwenye ng'ombe wetu na mgeni asiyejua kutamka. Labda ni kweli. Lakini mlinzi huyo anaonekana. Mtoto wa darasa la kwanza akiisahau, mwalimu anaizungushia kalamu nyekundu. Mchapaji akiiacha, msomaji ananung'unika. Ikisababisha shida, unaiona ilipo, unainyooshea kidole. Mkwaju wa Bemer nao hivyohivyo: ni mbaya kwa sura, unachafua ukurasa, lakini haujifichi. Kinga isiyoonekana ni tamu kwa anayeiweka, kwa sababu kazi yake inaonekana haina kovu. Gharama anailipa mwingine, baadaye, asijue analipia nini.

Sisemi herufi zisizoonekana zifutwe. Kwa Mwajemi ni haki yake. Bila hizo lugha yake haiandikiki sawasawa, na kibodi, kamusi na mashine zake za kutafutia zimezoea kuishi nazo. Wenye lugha wote wanajua zipo. Shida yangu ilikuwa kuzitia kwenye maandishi ya watu ambao hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kitu hicho kinawezekana.

Faili la ukoo nimeliandika upya. Vitu visivyoonekana nimevitoa vyote, nikahesabu mara mbili. Ritifaa zimebaki wima, na programu nimeizuia isizipindishe kabisa, hata kama alama za usemi zitakosa urembo. Vinyota nimeviondoa pia. Mahali pake nimeandika neno zima, marehemu. Ni herufi nane badala ya moja, na ukurasa umerefuka, lakini hakuna programu nitakayokutana nayo itakayolisoma neno hilo ikadhani nataka maandishi mazito. Mjomba angeniuliza kwa nini sikufanya hivyo tangu siku ya kwanza.

Kikao kilifanyika Handeni, chini ya mwembe, baada ya mvua za masika. Kabla ya kuanza nilimwomba binamu atoe simu atafute. Akaandika jina la babu yake polepole, wazee wakimwangalia bila kuelewa tunafanya nini. Likatokea. Akanionyesha kioo, akalirudisha simu mfukoni, akaenda kukaa upande wa kwao. Halafu tukaanza kusoma majina kwa sauti, moja moja, kama daftari lilivyokuwa likisomwa zamani.